Bakteria zangu zimeacha kuvumilia shaba, promota (msimamizi wa memuari yangu) anasema ni uchafu wa labo. Nisaidieni

Mwana_Katuba (Lubumbashi)
Jambo wakubwa. Niko namalizia memuari (kazi ya kuhitimu chuo), kazi yangu ni juu ya bakteria za udongo wenye shaba. Nilichota udongo kule upepo ulikuwa unapeleka moshi wa shimine (dohani) ya zamani ya kiwanda cha shaba, pale hata majani yanaota kwa mabaka, nikauotesha kwenye agari (jeli ya kuoteshea bakteria) yenye sulfati ya shaba. Koloni zikatoka nzuri, rangi ya krimu, zenye ute. Nikazihamisha kwenye supu ya kawaida bila shaba ili nizitunze, nikawa naibadilisha supu kila mara, sasa nikizirudisha kwenye agari ile ile ya shaba hazioti kabisa! Promota anasema zile za kwanza zilikuwa uchafu, nitupe nianze upya. Mimi siamini lakini sina cha kumjibu.
Kitu kingine, nikitia shaba, chakula cha bakteria (ile supu) kinakuwa kama maziwa ya bluu na kuna kitu kinatuama chini ya chupa.
Mama zetu wanalima lengalenga (mchicha) kwenye udongo ule na tunazila, ndiyo sababu nilichagua kazi hii, nilitaka kujua kama bakteria hizi zinaweza kuusafisha. Nishaurini tafadhali.

Binti_Kadutu (Bukavu)
Ndugu yangu usitupe kitu! Hicho unachokiona kina maelezo yake. Shaba ikiingia kwa wingi ndani ya bakteria inafukuza chuma kwenye protini zake na kazi inasimama, kwa hiyo zile zinazoishi kwenye udongo kama wenu zina pampu kwenye utando wa seli, moja maarufu inaitwa CopA, inatumia ATP (nguvu ya seli) kuitoa shaba nje bila kupumzika, sawa na mtu anayechota maji kwenye mtumbwi unaovuja. Nyingine zina kimeng'enya cha kuigeuza shaba iwe aina isiyo kali sana. Lakini kazi hiyo inakula nguvu, na bakteria haitoi nguvu bure. Ukiiweka kwenye supu isiyo na shaba, mambo mawili yanawezekana: jeni zimezimwa tu kwa sababu hakuna shaba ya kuziamsha, au jeni zilikuwa kwenye plasmidi (kipande kidogo cha DNA kilicho peke yake, nje ya kromosomu) na plasmidi imepotea, maana wale wasioibeba wanazaana haraka na kuwazidi wenzao.
Kuyatofautisha ni rahisi. Zipe shaba kidogo sana usiku mmoja, kesho uziweke kwenye kiwango kile cha kwanza. Zikiota, jeni zilikuwa zimelala. Zisipoota, tafuta plasmidi.

Mzee wa Bio (Lubumbashi)
Binti amesema vizuri. Naongeza juu ya maziwa ya bluu, maana hapo ndipo promota atakubana siku ya kutetea memuari. Hayo ni mashapo, shaba imeshikana na fosfati ya chakula chako ikatuama, na ile iliyobaki inashikwa na peptoni (vipande vya protini vilivyomo kwenye supu). Wewe unaandika kiwango ulichopima kwenye mizani kumbe shaba huru inayoifikia bakteria ni ndogo kuliko hiyo, na inaweza kubadilika chupa kwa chupa. Tumia chakula chenye fosfati kidogo, watu wa metali wanatumia chenye Tris (kemikali inayotunza pH badala ya fosfati), na shaba uitie mwishoni.
Mfano wa kumpa promota ni bakteria iitwayo Cupriavidus metallidurans CH34. Ilitolewa mwaka 1976 kwenye matope ya beseni la kiwanda cha zinki huko Ubelgiji. Ina plasmidi kubwa mbili, pMOL28 na pMOL30, na jeni za czc zinazosukuma nje kobalti, zinki na kadimiamu ziko kwenye pMOL30. Kwa hiyo bakteria kupoteza uvumilivu pamoja na plasmidi si hadithi ya kubuni.

Kijana_wa_Labo (Goma)
Na juu ya uchafu, kubishana mdomoni hakusaidii. Otesha agari ya shaba tupu bila udongo, na nyingine ya udongo wa mbali na migodi. Kisha ulinganishe 16S (jeni inayotumika kutambua aina ya bakteria) ya koloni za kwanza na za sasa, kama ni bakteria ile ile promota hana neno. Zile za kwanza bado unazo kwenye friji?

Mwana_Katuba
Aksanti sana, mmenipa nguvu. Ziko kwenye agari ya zamani, kesho nazitia kwenye gliseroli nizigandishe zisife. Na lengalenga je?

Binti_Kadutu
Hapo nitakuambia wazi kaka, bakteria haziui shaba, ni elementi, haiozi. Zebaki zinaweza kuigeuza mvuke ikapaa, kadimiamu zile zinazotoa salfidi zinaigandisha, lakini shaba iliyosukumwa nje ya seli imerudi kwenye udongo ule ule. Nyingine ndizo zinaiyeyusha zaidi: kule Kasese, Uganda, bakteria zilitumika kutoa kobalti kwenye mabaki ya mgodi wa Kilembe, kwa asidi. Basi usimwage chochote kwenye bustani ya mama. Kwa sasa chokaa na mbolea ya kuoza ndivyo vinapunguza shaba inayoingia kwenye mmea, na mboga zioshwe vizuri kwa sababu vumbi nalo lina metali.
Tena supu zako za shaba ukishaziua bakteria kwa otoklevu (mtungi wa mvuke), shaba bado imo. Weka bidoni yake, usimwage kwenye sinki.

Mzee wa Bio
Na kabla ya yote zijaribu kwa antibiotiki pia. Jeni za metali na za kukataa dawa mara nyingi zinasafiri kwenye plasmidi moja. Ukilikuta hilo, kamwambie promota siku hiyo hiyo.