Waandaaji wa makongamano ya developa, mnauza tiketi kwa sura zetu halafu mnatunyima nauli na jukwaa

Wakuu, salaam.

Jana usiku rafiki yangu wa Arusha kanitumia bango la kongamano la watengeneza tovuti la mwaka huu. Katikati ya bango nipo mimi, nimeshika kipaza sauti, na chini yangu pameandikwa "Jifunze kutoka kwa walio bora". Hakuna aliyeniomba ruhusa, wala sijaalikwa. Picha hiyo ilipigwa mwaka jana, ndani ya dakika 9 nilizopewa kusimama pale baada ya kusafiri zaidi ya kilomita 1,100 kutoka Mwanza hadi Dar es Salaam. Mwaka mzima nimekaa kimya kwa sababu niliambiwa nisiwaharibie watu, eti jamii yetu ya developa bado changa. Leo naongea.

Jina la walioandaa siliweki hapa. Wao nimeshawaandikia, na wenye kujua watajua. Isitoshe, niliyofanyiwa mimi wamefanyiwa wengi, na nina hakika humu ndani wapo.

Mimi ni developa wa Mwanza. Kazi yangu kubwa ni mifumo ya tovuti inayofanya kazi hata mtandao ukikatika. Mmoja wa mifumo hiyo nimeutengeneza kwa ajili ya wachuuzi wa dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Mzigo unapimwa, mteja wa Kongo au Burundi anasimama pembeni anasubiri, na simu ya karani haina mtandao kwa dakika 20. Kwa hiyo kurasa zinakuwa zimehifadhiwa ndani ya simu tangu mwanzo, mauzo yanaandikwa humo humo kwenye kivinjari, mtandao ukirudi yanapanda yenyewe kwenye seva (kompyuta kuu inayotunza taarifa) bila karani kugusa kitu. Ugumu uko kwenye kupanda huko: ikiwa makarani wawili wamegusa mzigo mmoja wakiwa nje ya mtandao, nani ana haki? Hilo limenila miezi. Ndiyo mada niliyopeleka, dakika 40, ikakubaliwa.

Ikakubaliwa zikiwa zimebaki wiki 5. Mwaliko wa kupeleka mada ulikuwa wazi siku 10 tu, na tiketi zilikuwa zimeshaanza kuuzwa kabla hajapatikana mtoa mada hata mmoja. Kuhusu nauli wakasema bajeti haijakaa vizuri, ila "dada, utapata jina, utaonana na watu wakubwa". Nikakubali. Nilitaka mada ile isikike, na nilidhani kila mtu anajinyima kidogo ili jambo lifanikiwe.

Baada ya hapo zikaja kazi za kutangaza. Bango lenye picha yangu lilifika saa 4 usiku na ujumbe: "Dada, liweke stetasi leo, kesho na kila siku mpaka siku ya tukio." Wakanitengenezea na msimbo wa punguzo wenye jina langu, anayeutumia anapata asilimia 10 kwenye tiketi ya 50,000. Nikatangaza kweli kweli. Nilitangaza kwenye kundi la developa wa Kanda ya Ziwa, kwa vijana ninaowafundisha, kwa niliosoma nao. Wiki moja kabla ya tukio mmoja wa waandaaji akaniandikia kwa furaha: msimbo wangu umetumika mara 31.

Pigeni hesabu nami. Tiketi 31 kwa 45,000 ni shilingi 1,395,000. Nauli yangu ya basi, kwenda na kurudi, ilikuwa 140,000. Yaani fedha iliyoingia kwa jina langu tu ingenilipia nauli mara tisa na chenji ikabaki, na bado nikaambiwa bajeti haijakaa vizuri.

Nikapanda basi Nyegezi alfajiri, nikashuka Mbezi usiku, nikalala kwa binamu yangu Kimara. Asubuhi saa 2 nipo ukumbini nimeshavaa beji. Kwenye ratiba nilikuwa naanza saa 5:20.

Ufunguzi ulikuwa saa 3. Saa 3 ikapita, saa 4 ikapita. Watu zaidi ya 200 wamekaa, wengine wametoka mikoani, hakuna kinachoendelea isipokuwa muziki, kwa sababu mgeni rasmi hajafika na "hatuwezi kuanza bila mgeni rasmi". Kafika saa 5 kasoro. Tukasimama, tukakaa. Meza kuu ikatambulishwa mtu mmoja mmoja, kila mmoja akasimama akasema itifaki imezingatiwa, kisha akaizingatia upya kuanzia mwanzo. Baada ya hotuba zikaja salamu za wadhamini, dakika 5 kila mmoja kwa maandishi ya ratiba. Mdhamini wa kwanza kachukua dakika 25 kutuonyesha video ya bidhaa yake. Wa pili hivyo hivyo. Picha ya pamoja nje, chakula, na saa 8 mchana hakuna mstari hata mmoja wa kodi (maandishi ya programu, si ile ya TRA) uliokuwa umeonyeshwa kwenye kongamano la waandika kodi.

Sina ugomvi na mgeni rasmi wala na kiongozi yeyote kuja kutusikiliza. Tunawahitaji watusikilize! Lakini wapangieni mwishoni mwa siku, waje wakute kazi imefanyika, au asubuhi wapewe dakika 10 na programu ianze kwa wakati wawepo wasiwepo. Mliochagua kula muda wa watoa mada ni ninyi waandaaji, kwa kuwa muda wa mtoa mada ndio pekee usio na mtu wa kuwapigia simu kuwalaumu. Mdhamini atauliza. Ofisi ya mgeni rasmi itauliza. Mimi wa Mwanza nitamuuliza nani?

Nilipanda jukwaani saa 10:40 jioni. Kwenye fomu yao nilijaza kabisa kwamba laptopi yangu ina tundu la USB-C pekee. Fundi alikuwa na waya wa VGA, wa aina ya zamani usioingia humo. Bahati nzuri nilibeba adapta yangu ya HDMI, lakini waya wa HDMI uliotoka nyuma ya ukumbi ulikuwa umelegea, picha inakuja inakata, na taa za jukwaani zinapiga moja kwa moja kwenye kitambaa cha projekta. Maandishi yangu hayakusomeka kuanzia mstari wa tatu wa viti. Nikaomba taa zipunguzwe. Mshereheshaji akaninong'oneza, "Dada, una dakika 9, tuko nyuma ya muda."

Onyesho langu niliandaa likimbie ndani ya laptopi yenyewe, lisitegemee mtandao wa ukumbi. Nilifanya vyema, maana mtandao wa ukumbi ulikuwa ruta moja ndogo ya laini ya simu kwa watu zaidi ya 200, kila mmoja na simu na laptopi yake. Kufika saa 3 asubuhi hata ujumbe wa WhatsApp ulikuwa hautoki. Lakini dakika 9 zinatosha nini? Nikaonyesha mauzo yakihifadhiwa mtandao ukiwa umezimwa, nikauwasha, yakapanda. Nilipofika kwenye mgongano wa makarani wawili, ile sehemu iliyonila miezi, kipaza sauti kikachukuliwa.

Mstari wa pili alikaa kijana mmoja aliyetoka Dodoma na daftari la mistari, ana kalamu, ananakili kwa mkono kila nilichokuwa naandika kwenye skrini. Alikuwa ameinama, midomo inamtembea. Kipaza sauti kilipochukuliwa aliinua kichwa akatazama skrini, na skrini ilikuwa imeshawekwa nembo ya mdhamini. Akanifuata nje. "Dada, ile ya wawili kugusa mzigo mmoja inaishaje?" Tukakaa kwenye ngazi, nikafungua laptopi kwenye magoti, nikamwonyesha: kila badiliko linabeba namba yake ya mfuatano, seva haifuti chochote, inaweka yote mawili na kumuuliza karani mkuu. Wakajiunga wengine, wakawa 7. Tulikaa mpaka mlinzi akazima taa za korido. Kongamano langu lilikuwa pale ngazini, bure, na watu wale walikuwa wamelipa 50,000 kila mmoja ndani.

Kabla sijaondoka wakaniomba nikae kwenye mjadala wa wanawake na teknolojia. Mjadala ulipewa dakika 50 kamili! Swali la kwanza nililoulizwa ni nawezaje kulea na kuandika kodi kwa pamoja. Mada yangu ya kiufundi imekatwa hadi dakika 9, lakini kueleza maisha ya uanamke muda umepatikana. Mwaka 2012 waandaaji wa JSConf EU, kongamano la developa wa lugha ya JavaScript kule Berlin, waliwafuata wanawake kuwahimiza walete mada, kisha wakaficha majina kwenye mapendekezo yote wakati wa kuchagua. Robo ya watoa mada wakawa wanawake, wamepita kwa mada zao. Njia hiyo haina gharama. Ni kufuta safu moja kwenye jedwali kabla kamati haijakaa.

Na kabla hamjaniambia "huku kwetu haiwezekani", Novemba 2023 nilikuwa Zanzibar, kwenye DjangoCon Africa, kongamano la watumiaji wa Django (zana ya kutengenezea tovuti), la kwanza kufanyika barani kwetu, pale SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Kulikuwa na ruzuku za safari kwa wasioweza kujilipia, kulikuwa na warsha ya Django Girls kwa wanawake wanaoanza, na siku za mwisho watu walikaa mezani na laptopi zao kufanya kazi kwenye miradi huria yenyewe (programu ambazo kodi yake iko wazi kwa yeyote), mgeni na mzoefu bega kwa bega. Joto lile lile, umeme ule ule, Tanzania hii hii.

Kuandaa si kazi nyepesi, najua. Nimeandaa mikutano midogo Mwanza, chai na maandazi, ukumbi wa kuazima, na najua mdhamini anavyoahidi mwezi wa tatu akalipa mwezi wa tisa. Lakini niliona mabegi ya turubai yenye nembo, fulana, na keki ya ghorofa tatu. Mwenye kununua keki ile alikuwa na nauli ya mtoa mada. Kwenye bajeti, ukilipa ukumbi, kinachofuata ni watoa mada na mtandao. Fulana zije zikibaki.

Kuna na hili la namba zetu. Wiki mbili baada ya tukio simu yangu ilianza kupokea ujumbe wa mikopo na wa "kozi za kidijitali". Nikauliza wenzangu watano waliojisajili, wote wanapokea. Nina namba ya pili ambayo huwa siitoi popote, niliiandika kwenye fomu ya kongamano tu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ni ya mwaka 2022 na inatumika tangu Mei 2023. Taarifa uliyokusanya kwa kazi moja huigeuzi kuwa bidhaa. Na ninyi ni watu wa tovuti! Mnajua vizuri kuliko mwenye duka maana ya kuomba ridhaa kwenye fomu.

Video za mada waliahidi ndani ya siku 14. Hazijatoka hadi leo. Cheti kilikuja na jina la babu yangu limekosewa.

NYONGEZA, saa 1 jioni: Kuna mkuu hapo chini amesema nishukuru kwa kupewa jukwaa, wengine wanalitafuta. Mkuu, vijana 31 walilipa kwa sababu walinisikia mimi nikiwaambia njooni mtajifunza. Watatu kati yao waliniuliza baadaye kwa nini niliwaita. Sikuwa na jibu la kuwapa, na hilo ndilo linaloniuma kupita nauli.

Mmoja wa waandaaji kanipigia mchana huu baada ya kuuona uzi. Ameniita dada yangu mara nyingi sana, akanipa ofa ya tiketi 2 za bure za mwaka huu na nafasi kwenye mjadala wa wanawake, na akaniomba nifute. Nimemjibu kwamba sifuti. Picha yangu itoke kwenye bango leo, nirudishiwe 140,000, na wale 31 waandikiwe kuelezwa video zao ziko wapi. Akasema atalifikisha kwa wenzake.

Nimepita kwenye ukurasa wao sasa hivi. Bango bado lipo, na wameliongezea "Tiketi za mapema zinaisha Ijumaa".