MREJESHO: Njeo ya wakati uliopo katika uhakiki wa tamthilia

Niliuliza kama insha ya kuhakiki Kinjeketile ya Ebrahim Hussein itumie -na- au -li-. Asanteni sana wote, insha imenyooka.

Kanuni iliyofanya kazi: yanayotendeka ndani ya tamthilia yanachukua -na-, maana kila msomaji anapofungua kitabu yanatendeka upya. Ya nje ya kitabu yanabaki na -li-: tamthilia ilichapishwa 1969, Vita vya Majimaji vilianza 1905. Hapa jina moja lina watu wawili, na ndipo wengi tunapochanganya. Kinjeketile wa historia, mganga aliyewapa watu maji aliyosema yatawakinga na risasi, alinyongwa na Wajerumani. Kinjeketile mhusika anakataa kutamka kwamba maji ni uongo. Tukio lililotangulia onyesho unalolijadili lipe -me-: "watu wamekwisha kuamini maji".

Ukanushi ndio uliosumbua zaidi. "Hakubali" ni wakati uliopo, "hakukubali" ni uliopita. Silabi moja tu, -ku-, na jicho linairuka. Nimepitia kila kitenzi kinachoanza na "haku-" na "hawaku-", kisha virejeshi: "aliyekataa" ikawa "anayekataa". Tahadhari: "hakuna" iache ilivyo.

Mtego mwingine ni -ka-. "Anaingia mtoni, akatoka na maji" inateleza kuwa masimulizi. Andika "kisha anatoka". Dondoo usiliguse hata kama mhusika anasema kwa -li-. Badilisha sentensi yako inayolitangulia: "Kinjeketile anasema kwamba…"