Springi ya chuma au bomba la gesi: kipi kiifae bunduki ya upepo hapa visiwani?

MkulimaWaDole:
Assalamu alaykum ndugu zangu. Ninayo bunduki ya upepo ya kukunja mtutu, ya milimita 5.5, iliyotengenezwa Ujerumani. Aliinunua marehemu baba na kibali chake nakihuisha hadi leo. Kazi yake ni moja tu, nayo ni kunguru, ambao tangu waletwe kutoka India mwishoni mwa karne ya 19 ili wale taka za mji, wamekuwa mtihani kwa kila mfugaji wa kuku. Tangu masika yaliyopita nguvu imepungua sana: nikilenga kopo la maziwa kwa mita 20, risasi hulibonyeza bila ya kulitoboa, na kila nikifyatua husikika mtetemo mrefu kama uzi wa udi uliolegea. Siku mbili tatu niliona pia moshi mwembamba mdomoni mwa mtutu. Tulipoifungua tuliikuta springi imepinda katikati na mapindo yake ya nyuma yameshika kutu. Ami yangu aliyeko Maskati yu tayari kunitumia kifaa kipya, na sasa nalazimika kuchagua kati ya springi ya chuma kama iliyokuwamo na bomba la gesi, yaani ile silinda iliyozibwa yenye naitrojeni ndani. Naomba waliowahi kuvitumia waniongoze.

FundiKereza:
Waalaykum salaam, kaka. Vyote viwili vinafanya kazi ileile ya kuisukuma pistoni mbele kwa nguvu, ili hewa iliyo mbele yake ibanwe na kuitoa risasi. Springi husukuma kwa kuwa imebanwa, na bomba husukuma kwa kuwa gesi iliyomo imeshindiliwa. Springi ikifunguka hujizungusha kidogo, na mwenye mkono mwepesi huuhisi msokoto huo begani, bomba halijizungushi. Katika kukoki, yaani kuukunja mtutu ili pistoni irudi nyuma na kushikwa tayari, springi huanza laini ikaongezeka ugumu, ilhali bomba ni gumu tangu mwanzo. Kishindo cha bomba ni kifupi na kikali zaidi. Kwa hiyo ukitaka kufunga darubini, nunua iliyoundwa kwa bunduki za upepo, kwani bunduki hizi huruka nyuma kisha hujitupa mbele pale pistoni inapogota, na mtikisiko huo wa pande mbili huziharibu hata darubini nzuri za bunduki kubwa.

Wazungu huandika sana kwamba gesi hulegea kwenye baridi, na ni kweli kwao. Kwetu sisi, kati ya usiku wa kipupwe wa nyuzi 22 na mchana wa kaskazi wa nyuzi 34, shinikizo hubadilika kwa asilimia 4 hivi, kwa hiyo hoja hiyo tuiweke kando.

Lililo zito kwangu ni namna kila kimoja kinavyoharibika. Springi hukupa taarifa: nguvu hupungua kidogo kidogo, mlio hubadilika, nawe una miezi ya kujipanga. Bomba, sili yake, yaani kizibo cha kuzuia uvujaji, ikilegea, gesi inatoka na bunduki inabaki gongo, na mimi binafsi sina chombo cha kulijaza upya. Tena asijaribu mtu kulitoboa wala kulipasha moto, kwani shinikizo lililomo ni kubwa mno.

Mpemba_Konde:
Namheshimu Fundi, lakini mimi natumia bomba la gesi kwa mwaka wa nne sasa na sijaona upungufu. Shamba langu liko karibu na bahari, na chumvi ya hapa hula hata misumari ya mabati. Springi mbili zilinifia kwa kutu kabla ya hapo, kwa sababu springi ina uso mwingi wa chuma uliofichika ambao huwezi kuupangusa bila ya kuifungua bunduki. Bomba limeziba, kinachobaki nje ni fimbo yake iliyong'arishwa. Halafu lipo jambo la subira: kunguru ana akili na huijua bunduki, kwa hiyo mtu hukaa chini ya mwembe nusu saa amekoki. Springi ikiachwa hivyo kila siku huchoka, ilhali bomba haliathiriki.

MamaVifaranga:
Kaka yangu wa Konde, hoja ya kutu naikubali, lakini hii ya kukaa na bunduki iliyokokiwa nusu saa siikubali hata kidogo. Nyumba zetu zina watoto, na mtoto huja mbio kumletea baba yake chai. Bunduki ya upepo inatoa jicho. Kwangu sheria ni kwamba haikokiwi mpaka kunguru ametua, na asipotua hairudi ndani ikiwa na risasi. Anayeishi hivyo, sifa kubwa ya gesi haimsaidii chochote, na hatakiwi kuilipia.

Mpemba_Konde:
Umesema kweli, dada yangu. Mimi hukaa peke yangu shambani, nikasahau kwamba si kila mtu yuko hivyo.

FundiKereza:
Narudi kwa lile la moshi, maana mwenyewe amelipita haraka na mimi naliona ndilo kubwa. Kaka wa Dole, bunduki hiyo inapakwa mafuta gani?

MkulimaWaDole:
Mafuta ya nazi, kama alivyofanya baba. Natia matone machache kwenye tundu la mbele ya silinda.

FundiKereza:
Basi hapo ndipo penye maradhi. Hewa inapobanwa kwa ghafla hupata moto mkali, na mafuta yaliyomo mbele ya pistoni huwaka kama yanavyowaka ndani ya injini ya dizeli. Ule moshi ndio huo. Mripuko huo huirudisha pistoni nyuma juu ya springi inayofunguka, na springi hupinda. Ungetia bomba la gesi, sili zake nazo zingeumia. Tena mafuta ya nazi huganda chini ya nyuzi 24, na yakikaa yananata. Acha kabisa. Osha silinda kwa mafuta ya taa, kausha kwa kitambaa mpaka kitoke cheupe, kisha paka springi grisi ya molibdenamu kwa ncha ya kidole, nyembamba kiasi cha kuifanya chuma iwe nyeusi tu.

Ushauri wangu ni springi, lakini usiagize kwa jina la bunduki peke yake. Tazama juu ya silinda kama ipo herufi F ndani ya umbo la pembe tano. Alama hiyo ni ya zile zinazouzwa Ujerumani, ambazo nishati ya risasi ikitoka mtutuni haizidi jouli 7.5, na springi yake si sawa na ile ya soko la Uingereza ambako mpaka ni kama jouli 16. Pima unene wa waya, upana wa nje, na uhesabu mapindo. Agiza pia kishikio cha ndani, yaani kile kinachoingia katikati ya springi, kinachobana vizuri, kwani hicho ndicho kinachoua ule mtetemo. Wakati wa kurudisha tumia klampu ndefu ya seremala: springi mpya huzidi nafasi yake kwa sentimita kadhaa hata kabla ya kukokiwa, na ikikuponyoka inavunja vidole.

MkulimaWaDole:
Nimetazama, alama ya F ipo, nami sikuwahi kuielewa miaka yote hii. Nimepima: waya ni milimita 3.1, upana wa nje ni 20, na mapindo ni 34. Nimempelekea ami vipimo hivyo pamoja na picha. Pistoni yangu ina sili ya ngozi, na imekauka mpaka inapasuka pembeni. Je, niagize ya ngozi tena?

FundiKereza:
Hapana haja ya kuagiza. Niletee pistoni, nitakukatia ya ngozi ya ng'ombe.