Mtoto kanibana na ramani, Greenland na Afrika zinalingana?

mamapacha: Habari zenu wadau. Binti yangu ana miaka 8, jana kaniuliza kati ya Greenland na Afrika ipi kubwa, nikamwambia Afrika bila hata kufikiri, akanivuta hadi kwenye ramani ya ukutani "mbona zinalingana?" Naangalia, kweli zinalingana!! Nikabaki natoa macho. Ramani mbovu au mi ndo sijui? Na nimweleweshe vipi maana akichoka tu anakimbia.

chaki_mkononi: Hujakosea mama. Afrika ni kama kilomita za mraba milioni 30, Greenland milioni 2 na kidogo, yaani Greenland kama 14 hivi zinaenea ndani ya Afrika. Hiyo itakuwa ramani ya Mercator, jamaa aliitoa 1569 kwa ajili ya mabaharia, ukipiga mstari ulionyooka juu yake unashika uelekeo mmoja wa dira mpaka unafika, nahodha alichotaka ni hicho, ukubwa wa nchi kavu haukumhusu. Sasa ili hilo liwezekane kila kitu kilicho mbali na ikweta kinavutwa kinakuwa kikubwa.
Mpe chungwa achore mabara kwenye ganda, amenye, halafu alilaze hilo ganda mezani liwe bapa. Litachanika tu. Mwambie Mercator yeye hakuchana, alivuta. Ishia hapo usiongeze maneno.

babaK: Chungwa langu lililiwa kabla somo halijaisha 😂 Kama mna tufe la dunia, weka karatasi nyepesi juu ya Greenland aifuatishe na penseli, akate, kisha aipeleke juu ya Afrika ahesabu mwenyewe.

mpita_njia: Wazungu walifanya makusudi kutupunguza bana

chaki_mkononi: Mkuu, makusudi gani hayo ya kuipendelea Greenland, kisiwa cha barafu? Antaktika nayo imevutwa na haina hata wenyeji. Ila kuendelea kuibandika madarasani hadi leo wakati zipo zinazotunza ukubwa, kama Equal Earth ya 2018, hapo nakuunga mkono. Hata hii ya kaskazini kukaa juu ni mazoea tu, al-Idrisi alimchorea mfalme Roger wa Sicily ramani mwaka 1154, kusini iko juu.

mamapacha: Nimerudi. Karatasi imefanya kazi, kahesabu kafika 11 akachoka. Kosa langu nikamwambia na hiyo ya kusini juu, sasa ramani imegeuzwa ukutani, amegoma isirudishwe, na swali jipya ni mbona Urusi iko Ulaya na Asia kwa mpigo 😩

babaK: Mwambie atafute milima ya Ural, mpaka unapita hapo. Kwenye ramani iliyopinduka itamchukua jioni nzima, we pumzika.