Hivi vipimo vya DNA vya "jua asili yako" wanavyotuuzia sisi watu wa pwani vinajibu swali gani hasa?

Wakuu, salaam. Mods, kama uzi huu si wa jukwaa hili uhamisheni, lakini msiufute. Nina hasira na nataka watu wasome kabla msimu wa ofa haujarudi.

Kampuni siitaji, bado tunavutana kuhusu kurudishiwa hela. Ila mnazijua, zote zinaimba wimbo mmoja: tema mate kwenye kichupa, rudisha kwa posta, upewe asili yako.

Mimi ni mwanamke, mzaliwa wa Unguja, naishi Leicester. Upande wa baba tunaambiwa babu mkubwa alikuja na jahazi kutoka Shihr, Hadhramaut, kule Yemen. Wako ami zangu wanaoapia hilo, na wako wengine kwenye ukoo huo huo wanaocheka chinichini kwamba huyo Mshihiri alijitangaza Mshihiri baada ya kupata duka. Upande wa mama yake bibi hakuna anayesema kitu. Ukiuliza unaambiwa "alitoka bara", halafu mtu anakuuliza kama chai inatosha sukari.

Tangazo lilisema nitajua ukoo wa baba NA wa mama. Nikalipa. Mahali pote pa kulipia sikuulizwa kama mimi ni mke au mume, wala natafuta nini. Waliuliza namba ya kadi tu.

Majibu yakaja: Afrika Mashariki 58%, Uarabuni 19%, India 9%, Uajemi 6%, na vipande vingine vidogo vidogo. Nikawatumia nyumbani, kundi la familia WhatsApp likalipuka, ami wakasherehekea ile 19. Miezi kadhaa baadaye kampuni ikafanya "maboresho". Uarabuni ikashuka hadi 11, Uajemi ikafutika kabisa, na mimi nikapata asilimia 7 ya Misri. Misri! Mate ni yale yale, sijatema tena. Nikawaandikia, nikajibiwa kwa barua ambayo ni wazi kila mlalamikaji anatumiwa hiyo hiyo: "sayansi inaendelea kukua".

Sasa nieleze wanachokificha nyuma ya zile rangi za ramani. Asilimia zinatokana na kukulinganisha na sampuli za watu wa leo waliowekwa kwenye makundi na kampuni yenyewe. Kama kwenye ghala lao Wazungu wamejaa tele na watu wa Hadhramaut, Ngazija au Pemba ni wa kuhesabika, kompyuta inakusukumia kwa jirani yeyote iliyenaye. Wakiongeza sampuli au wakibadilisha hesabu, unahamishwa nchi ukiwa umelala.

Na hata sampuli zingekuwa nzuri, kipimo hiki cha kawaida, kinachoitwa cha otosomu, kinachanganya pande zote za wazazi kwenye chungu kimoja. Unapokea nusu kwa baba na nusu kwa mama, na kila kizazi nusu nyingine inaachwa. Babu mmoja wa kizazi cha saba kwenda juu anakuachia kwa wastani chini ya asilimia moja. Ukifika kizazi cha kumi, wengi walioko kwenye shajara ya ukoo wako hawana hata chembe ya DNA yao ndani yako, ingawa ni babu zako halali kabisa. Ndiyo maana ndugu wawili wa tumbo moja wanapata asilimia tofauti, halafu kwenye familia panaanza maneno ya ajabu kuhusu mama wa watu.

Nilichouliza mimi ni mstari wa baba: baba, baba yake, baba yake, hadi jahazini. Hicho kinajibiwa na kromosomu Y, ambayo mimi kama mwanamke SINA. Alipaswa kupima baba, kaka, ami, au mtoto wa kiume wa ami. Sentensi moja tu kwenye ukurasa wa kulipia ingetosha. Badala yake nikaletewa ofa ya kuongeza pauni kadhaa nijue kama vinasaba vyangu vinanifanya nichukie giligilani. Nakuuliza babu yangu katoka wapi, unanijibu mambo ya kachumbari?

Kwa anayetaka mfano wa kazi iliyofanywa kwa heshima, ule utafiti wa mwaka 2023 kwenye jarida la Nature, wa akina Chapurukha Kusimba na David Reich. Walipima mabaki ya watu 80, wengi wao kutoka miji ya kale ya pwani, Mtwapa, Manda, Faza, Songo Mnara na kwingine. Waliangalia mstari wa kike na wa kiume kila mmoja peke yake. Wa kike ukawa karibu wote wa Kiafrika, wa kiume kwa sehemu kubwa wa upande wa Uajemi, mchanganyiko wenyewe ukianza kama mwaka 1000 hivi, na damu ya Uarabuni ikazidi baada ya 1500. Ukiwaweka wote kwenye duara moja la rangi, hadithi hiyo huioni. Na hao walikuwa na mifupa yenyewe mkononi, bado hawakumwambia marehemu hata mmoja jina la ukoo wake. Huyu wa kichupa cha mate anakuahidi kabila.

Nimesoma mno tangu hapo, kwa hiyo wanaouliza wanunue nini, shikeni hili. Kipimo cha otosomu kinunue kama unatafuta ndugu walio hai, kuanzia binamu wa kwanza (kama asilimia 12.5) hadi wa pili (kama 3) na kidogo zaidi ya hapo. Na anza na wazee, kwa sababu shangazi wa miaka themanini anabeba kitu ambacho wewe umeshapoteza nusu yake. Ukishapata faili la data ghafi lipakue, lipandishe GEDmatch, tovuti ya kulinganisha DNA, ukutane na waliopima kwingine. Mstari wa kiume chukua Y, mstari wa mama wa mama chukua mitokondria, DNA inayorithiwa kwa mama tu. FamilyTreeDNA ya Houston wanauza vyote viwili, na Y yao ya kina zaidi ni Big Y-700, ambayo bei yake inauma. Silipwi na mtu, na hata hao msiwatarajie miujiza. Majibu ya Y huja kwa makundi ya mistari ya kiume: ya ami ikitoka J1, Waarabu wa kundi hilo ni wengi mno, haimaanishi Shihr mpaka apatikane mwanaume wa Shihr aliyepima na mistari ikakutana karibu. Ikitoka E-M2, lile kundi lililosambaa na Wabantu, basi wale wanaocheka chinichini watakuwa na Idi yao.

Kuna jambo jingine ambalo mfumo wao haujui kabisa, nalo ni ndoa zetu. Sisi tunaoana mtoto wa ami, mtoto wa shangazi, vizazi na vizazi. Mtu anatokea kwenye orodha yangu ameandikwa "binamu wa tatu", tukikaa na shajara tunakuta ni wa nne, ila kwa njia tatu tofauti. Wao wanahesabu DNA tuliyonayo pamoja wakidhani imepita mlango mmoja. Nimeona watu wamegombana kwa sababu ya hili.

Na orodha yenyewe ni nyembamba. Ndugu zetu wa Ngazija walioko Marseille siwaoni, maana Ufaransa kujipima hivi kwa hiari ni kosa, faini yake inaweza kufika euro 3,750. Walioko Unguja na Pemba hawajapima. Malawi na Songea, ambako naamini ndiko "bara" ya yule mama wa bibi, hawapo. Kwa huyo mama nimeacha mate. Nitaenda Nyaraka za Taifa pale Kilimani nitafute kumbukumbu za watumwa waliopewa uhuru baada ya amri ya 1897 ya kukomesha utumwa Zanzibar. Huko angalau kuna majina.

Nimesoma maoni hapo chini, najibu machache.

Anayeniambia ningeenda kwa Mkemia Mkuu wa Serikali: kule Bara ni mambo ya mtoto ni wa nani, jinai na kutambua miili, na kwa sheria ya vinasaba ya 2009 huingii tu na mate yako, unapitia mahakama, wakili, ustawi wa jamii. Historia ya ukoo si kazi yao.

Anayesema nimshawishi ami apime Y: nimejaribu. Kanijibu, "Mwanangu, mate yangu yende Marekani yakafanye nini?" Nilikuwa na majibu tayari, mpaka akaniuliza kuhusu 23andMe, kampuni ya Marekani ya vipimo hivi hivi vya mate. Habari amezisikia redioni. Data za watu kama milioni 6.9 zilichukuliwa na wezi mwaka 2023, Machi 2025 kampuni ikaomba kufilisika, na vinasaba vya wateja vikawa sehemu ya mali inayouzwa. Mwishowe ilinunuliwa kwa dola milioni 305 na taasisi inayoongozwa na mmoja wa waanzilishi wake, Anne Wojcicki. Ami ananiuliza, hao waliotema walishauriwa? Sikuwa na la kumjibu. Nimemwomba afikirie, nami sitamsukuma.

Anayeuliza kuhusu hela yangu: jana wameniandikia. Hawarudishi, ila wamenipa kuponi ya punguzo kwa kichupa kingine.