Kiti kikigeuka, cis inakuwa trans? Aksiali na ekwatoria zinanichanganya

Muulizaji:
Wakuu naombeni msaada hapa. Saikloheksani (ringi ya kaboni sita) ya umbo la kiti kuichora naweza, ila ikigeuka kwenda kiti kingine ndo napotea. Tunaambiwa kilichokuwa aksiali (kimesimama wima) kinakuwa ekwatoria (kimelala kwa pembeni), sawa, sasa kama nina methaili (CH3) mbili kaboni ya 1 na ya 2, zote zinaangalia juu, si moja itaenda chini? Yaani cis (zote upande mmoja) imekuwa trans (pande tofauti) na hakuna bondi iliyokatika, haiingii akilini kabisa

Jibu 1:
Haiingii akilini kwa sababu haitokei mkuu 😀 Juu/chini ni habari moja, aksiali/ekwatoria ni habari nyingine. Kila kaboni ya ringi ina bondi mbili za nje, moja ya juu moja ya chini, na kati ya hizo moja ni aksiali nyingine ekwatoria. Ringi ikigeuka ya juu inabaki juu, ila iliyokuwa wima inalala na iliyolala inasimama. Kwa hiyo cis 1,2 yako, chora kiti chochote unachotaka, utakuta moja aksiali moja ekwatoria, zinapokezana tu. Nahisi tatizo lako ni mchoro, watu wengi ekwatoria wanaichora imelala kabisa wakati inainama kidogo: aksiali ya kaboni hiyo ikienda juu, ekwatoria yake inaelekea chini, na kinyume chake. Ukiikosea hiyo huwezi tena kujua ipi ya juu.

Jibu 2:
Naongezea, msikariri eti trans ndo imara siku zote. Kwa methaili mbili za 1,2 na 1,4 sawa, trans inaweza kukalisha zote ekwatoria, ila 1,3 ni cis inayofanya hivyo. Shida ya aksiali ni kubanana na haidrojeni mbili za aksiali za upande uleule. Methaili moja ikikaa hapo gharama yake ni kama 7.3 kJ kwa moli, ndo maana kwenye joto la kawaida karibu 95% ya methailisaikloheksani ina methaili ekwatoria. Tert-butaili (kundi kubwa kuliko methaili) sasa ndo balaa, aksiali ni kama haikai kabisa.

Muulizaji:
Aaah kumbe. So trans 1,2 ni zote aksiali au zote ekwatoria, hakuna mchanganyiko?

Jibu 1:
Hakuna. Na weka namba kwenye kaboni kabla hujageuza, modeli za plastiki kama unazo igeuze kwa mkono uone