Kuchonga kabureta ya KE70 kwa ajili ya dragi

Wakuu habari za Arusha, nina Corolla KE70 injini 4K ya kabureta, nataka ivute hewa zaidi nikaingie dragi (mbio fupi za kuchomoka moja kwa moja), fundi wangu hapa Sakina anasema anatanua koo la kabureta kwa msasa na kutoa ea klina (kichujio cha hewa) kabisa, je gari itachomoka kweli au ananipiga tu hela??

JIBU 1
Mkuu usitanue hapo kwenye kiuno chembamba cha koo la kabureta. Hewa ikipita pale inakimbia, ndo inavuta petroli kwenye jeti (kale katundu kanakopima petroli), ukipanua spidi ya hewa inashuka alafu gari inakuwa nzito kuondoka, na dragi yote ni kuondoka bwana. Cha kufanya lainisha tu kingo za juu hewa inapoingilia, kisha angalia gasketi na manifoldi (bomba la kupeleka hewa kwenye injini) matundu yalingane, ukikuta gasketi imeingia ndani hata kidogo ikate.

JIBU 2
Na ea klina usitoe aisee, kwa vumbi hili ringi za pistoni zinaisha fasta

JIBU 3
Nipo Moshi, naongezea kuhusu saizi ya jeti. Arusha ni kama mita 1,400 juu ya bahari, hewa nyepesi kuliko huku kwetu, jeti ya sehemu za chini ikifika huko inamwaga mafuta kupita kiasi. Kimbiza gari kwa nguvu, zima hapohapo, chomoa plagi uangalie: nyeusi yenye masizi weka jeti ndogo, nyeupe weka kubwa, kahawia acha hivohivo.

MUULIZAJI
Nimechomoa, nyeusi tii kama sufuria ya mama ntilie 😂 jeti ndogo naanzia namba ngapi?

JIBU 3
Soma namba iliyopo kwenye jeti kwanza, shuka moja moja